Mzigo, Jengo na Safari: majimbo ya India yanavyomwekea akiba kibarua asiye na bosi mmoja

(Hii ni hotuba niliyoitoa Jumapili kwenye mkutano wetu pale Buguruni. Wengi mlikuwa kazini mkaniomba niiandike, basi nimeiandika yote kama nilivyoisema, picha za ukutani tu ndio nimeziacha.)

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu mliokaa kule nyuma kwenye kivuli, mafundi, vijana wa bodaboda mlioacha pikipiki hapo nje, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, karibuni sana.

Nianze na swali. Nani hapa anabebea mizigo mtu mmoja tu, kila siku, mwaka mzima? Nyoosha mkono. Naona mkono mmoja, wa pili umeshuka. Wengine wote asubuhi unashusha mchele wa huyu, saa sita unapandisha mabati ya yule, jioni linaingia gari la tatu hata mwenyewe humjui jina. Sasa mgongo ukikatika leo, bosi wako nani? Mwenye mchele? Mwenye mabati? Mwenye gari? Kila mmoja atasema huyu nilimpa hela yake tukamalizana. Na ni kweli mlimalizana, ndio ubaya wenyewe.

Mimi swali hilo nimeishi nalo miaka saba nikiwa Pune, India, jimbo la Maharashtra. Nilienda kusoma, nikamaliza, nikabaki kwenye kiofisi kimoja kidogo kilichokuwa kinawasaidia vibarua kujaza fomu za mafao. Meza mbili, feni moja, foleni mpaka barabarani. Nataka niwaambie nilichokiona kule, kizuri na kibaya, kwasababu wenzetu wale swali letu hili wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 50 na kuna mahali wamepata jibu.

Kwanza mjue nchi yenyewe ilivyo. India ina majimbo 28, na katiba yao imeweka mambo ya kazi kwenye orodha ya pamoja, yaani bunge la Delhi, lile la nchi nzima, linatunga sheria na bunge la jimbo nalo linatunga. Mwaka 2020 Delhi ikapitisha sheria moja kubwa ya hifadhi ya jamii, ikakusanya ndani yake sheria 9 za zamani, ya fidia ya ajali ya 1923, ya bima ya matibabu ya 1948, ya mfuko wa akiba ya 1952, ya uzazi ya 1961, ya kiinua mgongo ya 1972, na nyingine. Rais akasaini Septemba hiyohiyo 2020. Mnajua imeanza kufanya kazi lini? Tarehe 21 Novemba 2025! Miaka mitano imekaa kwenye karatasi. Kwanini? Sababu kubwa mojawapo ni majimbo. Kila jimbo lilitakiwa litunge kanuni zake, fomu iweje, nani aandikishe, bodi ikae na watu gani, tozo ipelekwe wapi, alafu rasimu itangazwe watu watoe maoni, na wengine waliharakisha wengine wakajivuta. Sheria inasema utalipwa, lakini kanuni ndio inasema ulipwe dirisha lipi, kwa karatasi gani, ndani ya siku ngapi. Mtu mwenye njaa anasimama dirishani, ndugu zangu, hasimami bungeni.

Kwa mwenye ajira ya kueleweka mambo yako hivi, nitapita haraka. Ofisi au kiwanda chenye watu 20 na kuendelea, mfanyakazi anakatwa asilimia 12 na mwajiri anaweka asilimia 12, inaenda mfuko wa akiba ambao kila mtu kule anauita PF, na sehemu ya ile ya mwajiri inaenda pensheni. Penye watu 10 na kuendelea kuna bima ya matibabu, ESI, mwajiri asilimia 3.25 na mfanyakazi 0.75, kwa anayepata mpaka rupia 21,000 kwa mwezi. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliofanya, zamani lazima ufikishe miaka mitano, sasa hivi mwenye mkataba wa muda anapata hata akimaliza mwaka mmoja. Na kuna waajiri waliokuwa wanaandika mshahara mdogo, posho kubwa, ili wachangie kidogo, sheria mpya inasema posho zikizidi nusu ya malipo yote, kilichozidi kinahesabiwa mshahara. Hilo nimelipenda sana.

Lakini ngoja niwape kisa cha huyo mwenye ajira ya kueleweka, msije mkadhani yeye analala usingizi. Alikuja ofisini mzee mmoja mlinzi, amelinda viwanda upande wa Pimpri-Chinchwad miaka 11, kila baada ya mwaka au miwili kampuni ya ulinzi inabadilishwa, yeye anabaki na geti lilelile na kiti kilekile. Amekatwa PF miaka yote. Kuanzia 2014 India kila mchangiaji ana namba moja ya maisha inayomfuata popote, kitu kizuri sana. Ila mzee akienda kudai anakataliwa. Anarudi, anakataliwa. Tukakaa nae, tukaweka kitambulisho chake cha taifa pembeni ya karatasi ya PF, tukapitisha kidole herufi baada ya herufi. Kwenye kitambulisho jina lina h katikati, kwenye PF h haipo. Karani fulani, siku fulani, aliandika kwa haraka. Herufi moja! Kuirekebisha lazima mwajiri wa wakati ule athibitishe, na kampuni ile ilishafunga. Miezi saba tumeitafuta hiyo h. Mzee alikuwa anakuja na chakula chake kwenye kopo la chuma, anakaa kwenye benchi, anakula kimya, anasubiri. Alilipwa mwishoni. Sasa jiulize wangapi walichoka mwezi wa pili.

Na huyo ana mwajiri! Sasa tuje kwetu sisi, tusio na mwajiri mmoja. Hapa ndipo majimbo ya India yalipofanya kitu ambacho mimi nakiona ni kikubwa kuliko yote niliyoyataja. Shikeni maneno matatu tu: mzigo, jengo, safari.

Mzigo.

Mumbai, miaka ya 60, wabeba mizigo wa masokoni na maghalani walikuwa katika hali hiihii ya kwenu. Kule wanaitwa mathadi, linatoka kwenye neno la Kimarathi la kichwa, yaani abebaye kichwani. Na wengine wanaitwa hamal. Mmesikia? Hamal! Ni hamali huyuhuyu wetu, wao na sisi neno tumelitoa kwa Waarabu, na kuli nae alipanda jahazi kutoka kwao akaja mpaka bandarini kwetu. Kwahiyo hawa si wageni.

Wakajipanga, kiongozi wao akiwa Annasaheb Patil, na mwaka 1969 jimbo la Maharashtra likatunga sheria ya mathadi, hamal na wafanyakazi wengine wa mikono. Jimbo, sio Delhi. Sheria ile ilifanya nini? Haikuuliza bosi wako nani. Ilisema ziwepo bodi, kwa aina ya kazi na kwa eneo. Ndani ya bodi wamekaa wawakilishi wa wafanyabiashara, wa wabebaji na wa serikali. Mfanyabiashara anajiandikisha kwenye bodi. Mbebaji anajiandikisha kwenye bodi. Wabebaji wanafanya kazi kwa kundi, kule linaitwa toli. Toli ikishusha gari, hesabu inaandikwa, mwenye mali anapeleka ujira kwenye bodi, alafu juu ya ujira anaongeza tozo, asilimia inategemea bodi na bodi. Bodi inamlipa mbebaji ujira wake, na ile tozo ndio inakuwa akiba yake ya uzeeni, kiinua mgongo, bonasi, likizo, matibabu.

Mmeona walichofanya? Kila gunia linaloshuka linaacha kitu kidogo kwa aliyelishusha. Gunia la tajiri huyu, gunia la tajiri yule, yote yanaingia kwenye jina lako moja. Huna bosi mmoja lakini una daftari moja!

Nimekwenda soko kubwa la Vashi, Navi Mumbai, saa kumi na moja alfajiri, vitunguu vinashuka. Nikaongea na mzee mmoja wa toli, shingo nyuma ina kinundu kigumu kama goti, miaka ya magunia hiyo. Nikamuuliza hela yako ya bodi unaifahamu? Akacheka, akataja kiasi mpaka senti za mwisho, alafu akaniambia kijana wake amesomea hesabu kwa hela hiyohiyo. Mimi baba yangu mdogo alibeba mizigo Kariakoo miaka 20 na zaidi, nguvu zilipomuisha alirudi kijijini na begi moja. Nilisimama pale sokoni nikashindwa kuendelea na maswali.

Nisiwadanganye, mathadi ana matatizo yake. Wapo watu wanaojifanya viongozi wa mathadi, wanaenda kwenye viwanda kudai pesa kwa vitisho, na malalamiko ya wenye viwanda juu ya hilo ni ya kweli. Na wapo wenye mali wanaokwepa bodi wakachukua vibarua wa pembeni. Lakini zaidi ya miaka 50 sheria ile imesimama. Kerala nao wakatunga ya kwao ya wabeba mizigo 1978, Tamil Nadu ya wafanyakazi wa mikono 1982. Jimbo linaiga jimbo.

Jengo.

Mafundi, sasa zamu yenu. Mwaka 1996 India ikasema hivi: anayejenga atoe tozo, asilimia 1 mpaka 2 ya gharama ya jengo, inayotozwa kwa kawaida ni 1. Hela inaenda kwenye bodi ya ustawi wa wajenzi, na kila jimbo lina bodi yake. Fundi mwenye miaka 18 mpaka 60 aliyefanya kazi ya ujenzi angalau siku 90 ndani ya mwaka anajiandikisha, anapata kadi, na kwa kadi hiyo anadai msaada wa ajali, ada za watoto, uzazi, pensheni, mazishi, kila jimbo na orodha yake. Wazo ni lilelile la gunia. Ghorofa likipanda, kila mfuko wa simenti umeacha kitu kwa aliyeuchanganya.

Hela ikakusanywa. Nyingi! Mwaka 2018 mahakama ya juu kabisa ya India ilitoa hukumu juu ya jambo hili, na hesabu iliyokuwa mbele yake ilikuwa zaidi ya rupia bilioni 374 zimekusanywa, zilizotumika kama bilioni 95. Robo! Kesi hiyohiyo mahakama iliambiwa kuna hela zimenunua laptopu na mashine za kufulia. Nauliza, fundi anayelala saitini chini ya turubai, mashine ya kufulia ataichomeka wapi?

Mbona hela imebaki na wenye hela wapo? Nawapa kisa cha mama mmoja, nilikuwa namuita tai, kwa Kimarathi ni dada mkubwa. Alikuwa anabeba matofali, manane kwa mkupuo, anayapanga kichwani juu ya kitambaa alichokikunja duara kama kata yetu ileile ya kubebea ndoo. Alikuja na kadi yake imefungwa ndani ya mfuko wa maziwa, mfuko ndani ya mfuko, imefungwa na uzi. Nikaifungua. Imeisha muda miezi mitano nyuma, lazima uihuishe. Kuihuisha lazima mtu athibitishe umefanya kazi siku 90. Mkandarasi hataki kusaini, anaogopa akisaini tu amekiri kwamba huyu ni mfanyakazi wake. Siku nyingine tai alikuwa anachukuliwa pale njia panda wanaposimama vibarua asubuhi, leo saiti hii kesho ile, huyo wa kumsainia nani? Na kuja ofisini tu ameshapoteza ujira wa siku. Hela ipo benki, na tai yupo mbele yangu, katikati yao kuna sahihi moja.

Alafu ikaja Machi 2020. Nchi nzima ikafungwa kwa korona kuanzia tarehe 25, mliona kwenye simu zenu watu wanatembea kwa miguu na watoto mabegani kurudi majimboni kwao. Waziri wa kazi akaandikia majimbo kwamba kwenye mifuko ya wajenzi kuna kama rupia bilioni 520, watumieni wajenzi pesa moja kwa moja kwenye akaunti. Na majimbo yakatuma. Aliyekuwa kwenye daftari, kadi hai, akaunti sahihi, simu ililia. Asiyekuwepo, au kadi yake imekufa, au kadi ni ya jimbo la nyumbani na yeye amekwama jimbo lingine, aliendelea kutembea. Walijenga ghorofa moja watu hawa. Matofali yaleyale. Mmoja simu imelia, mwenzake haijalia.

Kanuni mpya zinataka haki ya mjenzi imfuate anapohama jimbo, hiyo ni nzuri. Ila kuna kitu kimoja kwenye sheria mpya sikubaliani nacho kabisa. Zamani nyumba ya mtu binafsi ya kuishi iliyo chini ya rupia milioni 1 ndio ilikuwa nje ya tozo, sasa wamepandisha mpaka milioni 5. Na saiti yenye wafanyakazi chini ya 10 iko nje. Mafundi, nyie ndio mnajua, nyumba ngapi mmejenga mkiwa sita, mkiwa saba? Nyumba ndogo ndio kazi ya fundi wa kawaida, alafu ndio hiyo isiyoacha kitu kwenye daftari.

Safari.

Vijana wa boda na wa kupeleka chakula, najua mlikuwa mnasubiri hapa. India makadirio ya NITI Aayog, taasisi ya mipango ya serikali, yalisema wafanyakazi wa majukwaa ya simu, yaani wanaopata kazi kupitia apu, walikuwa milioni 7.7 mwaka 2020 kwenda 2021. Apu inawaita washirika. Mshirika! Mshirika gani hapangi bei?

Hosteli yetu kulikuwa na kijana anatuletea chakula, kila mtu anamjua kwa helmeti yake, ameibandika stika ya Shivaji, mfalme wao wa zamani. Siku moja mvua kubwa, amepishana na basi, pikipiki imeteleza, mkono umevunjika sehemu mbili. Akiwa hospitali wiki ya pili anafungua apu, akaunti imefungwa. Hajapigiwa simu, hajaandikiwa barua. Ujumbe tu. Alituonyesha simu kwa mkono wa kushoto, akatuuliza sisi wasomi hili neno hapa maana yake nini. Maana yake ilikuwa huna kazi.

Kwenye hili nani alitangulia? Jimbo tena. Julai 2023 Rajasthan ikapitisha sheria ya kwanza India ya wafanyakazi wa majukwaa: kila mmoja aandikishwe apewe namba yake, na kila muamala unaopita kwenye apu utozwe ada kati ya asilimia 1 na 2 iende kwenye mfuko wao. Ada inakatwa palepale safari inapolipwa, hakuna cha kusubiri mwisho wa mwaka. Desemba ile serikali ya jimbo ikabadilika baada ya uchaguzi na utekelezaji ukasuasua, mnaona jinsi sheria inavyoweza kukaa kabatini. Lakini Karnataka, kwenye jiji la Bengaluru, wakalichukua wazo, 2025 wakatunga ya kwao, ada kati ya asilimia 1 na 5 ya malipo ya mfanyakazi kwa kila muamala, na wakaongeza kile ambacho kingemsaidia yule kijana wa helmeti: huwezi kumfungia mtu bila kumpa sababu na taarifa ya siku 14. Na apu ieleze mitambo yake inaamuaje nani apate oda na nani anyimwe. Sheria ya Delhi nayo inataka majukwaa yatoe asilimia 1 mpaka 2 ya mauzo ya mwaka, isizidi asilimia 5 ya wanachowalipa wafanyakazi.

Gunia, tofali, oda. Mmeona ni wazo moja linatembea kutoka 1969 mpaka leo? Hapa kwetu aliyejiajiri anaruhusiwa kuchangia NSSF kwa hiari, na nawaomba mchangie, lakini hiari maana yake mchangiaji ni wewe peke yako. Mwenye mzigo hatoi, mwenye jengo hatoi, mwenye apu hatoi. Wale hamali wa Mumbai walikataa hapo. Walisema aliyefaidika na mgongo wangu nae aweke.

Na nyie wafanyabiashara wachache mliokuja, asanteni, msinune. Nani anatoa hela ya hospitali kibarua akiangukiwa na katoni dukani kwako? Mnatoa nyie, usiku, kwa kuombwa, kwa aibu, na kesho yake ndugu zake wanakuja tena. Kule anayelipa tozo yake anajua kuna bodi ya kushughulika na hilo.

Hatuna bodi. Hatuna sheria ya tozo ya mzigo. Hayo yatadaiwa, na kamati imeshaanza kuandika. Lakini hata bodi ikija kesho asubuhi, itauliza kitu kimoja kwanza: nyie ni akina nani, mko wangapi, mmefanya kazi wapi, siku ngapi? Wale hamali wa Mumbai walishajipanga kabla sheria haijaja. India yenyewe mpaka Agosti 2021 ndio imefungua daftari la taifa la wasio na ajira rasmi, e-Shram, na walioandikwa wameshapita milioni 300.

Kwahiyo hatuondoki hivihivi. Katibu ameweka meza pale mlangoni chini ya mwembe, ana daftari jipya na kalamu mbili. Toa kitambulisho chako, muachie asome mwenyewe, usimtajie jina kwa mdomo. Akishaandika, geuza daftari upande wako, weka kidole kwenye herufi ya kwanza, soma mpaka ya mwisho. Kama haujui kusoma vizuri niite, nitakuwa nimekaa hapohapo mpaka Magharibi.